Nani wa kuipima ramani ya Tandale?

Swali linaloulizwa kwanza na kila anayeelezwa habari za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyo kwenye mtandao, ni lile lile: ikiwa ramani hii inachorwa na watu wa kujitolea, na yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza nyumba au kufuta barabara, mtu ataiaminije? Ni swali la haki, na linastahili jibu zito kuliko lile lililozoeleka, kwamba penye macho mengi kosa halikai. Macho mengi yapo London na Berlin. Katika kata nyingi za Dar es Salaam, uchochoro unaweza kuwa umechorwa na mtu mmoja, siku moja, na tangu hapo hakuna aliyeurudia. Nimekuwa nikihakiki data za jiji hili kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoona kwamba vipimo vya ubora tulivyovipokea kutoka kwingine vinatuonyesha sehemu ndogo tu ya tunachopaswa kukijua.

OpenStreetMap ilianzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004. Mwaka 2007 mwanajiografia Michael Goodchild aliandika makala iliyowatazama raia wa kawaida kama vihisi vinavyokusanya habari za dunia, na tangu hapo data za kujitolea zikawa somo kamili vyuoni. Mwaka 2010 Muki Haklay wa University College London alichapisha utafiti uliolinganisha barabara za OpenStreetMap na zile za Ordnance Survey, taasisi ya ramani ya serikali ya Uingereza. Alikuta kwamba kwa wastani barabara zilizochorwa na watu wa kujitolea zilipishana na za wapimaji wa serikali kwa takriban mita 6, kiasi kilichowashangaza waliodhani kwamba ramani ya watu wasiolipwa haiwezi kuwa na usahihi wowote. Alikuta pia jambo ambalo mimi naliona zito kuliko zile mita 6: maeneo ya watu wenye kipato duni yalikuwa yamechorwa pungufu kuliko ya wenye nacho.

Utafiti wa aina hiyo, hata hivyo, unahitaji ramani ya pili, iliyo bora zaidi, ya kuwekwa kando ya ile inayopimwa. Tukitaka kuurudia Tandale, moja ya kata za Dar es Salaam, tutalinganisha na nini? Ramani rasmi za maeneo yasiyopimwa mara nyingi ama ni za zamani, ama zimechorwa kwa mizani inayoonyesha barabara kuu na kuacha kila kilicho nyuma yake, ama ni michoro ya mipango miji iliyokusudia mji ambao haukujengwa. Mwaka 2011, wakati vijana wa Tandale na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walipoichora kata hiyo kwa mara ya kwanza katika OpenStreetMap, kwa kufuata njia iliyokwisha kujaribiwa Kibera, Nairobi, tangu mwaka 2009, hawakuwa wakisahihisha ramani iliyopo. Walikuwa wakiijaza sehemu iliyokuwa tupu. Mwezi Desemba mwaka huo huo jiji lilipigwa na mafuriko yaliyoua takriban watu 40, mengi ya maafa yakitokea bonde la Msimbazi, na haja ya kujua nani anaishi wapi na maji yanapita wapi ikawa dhahiri kwa kila mtu.

Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulizaliwa katika haja hiyo. Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team, Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana kuwapeleka wanafunzi na wenyeji mitaani, kata kwa kata, wakianza na zile zinazofurika. Droni zilirushwa juu ya mitaa na kuleta picha ambazo kila pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni sentimita chache, wakati picha za setilaiti tulizozizoea zilikuwa na pikseli ya takriban nusu mita. Matokeo yake ni jambo lililo kinyume na alilolikuta Haklay: kwa habari za mitaro, visima, vyoo vya umma na vichochoro, kata maskini za bondeni zimechorwa kwa kina ambacho vitongoji vipya vya pembezoni, vyenye nyumba kubwa na kuta ndefu, havijakaribia.

Wataalamu hugawa ubora wa data za kijiografia katika mafungu kadhaa: ukamilifu, usahihi wa mahali, usahihi wa maelezo, upya wa data kwa wakati, na mantiki ya ndani, yaani vitu kuungana na kukaa pamoja inavyopasa. Nayakubali mafungu hayo. Ninacholalamikia ni kwamba usahihi wa mahali unapewa uzito usiolingana na faida yake, kwa sababu ndio ulio rahisi kupima. Simu ikiwa mahali pa wazi hukosea kwa mita chache. Ikiwa katika uchochoro wenye kuta pande zote mbili na mabati yanayorudisha mawimbi, hukosea zaidi, na nyayo zako huonekana zikipita katikati ya vyumba vya watu. Picha za setilaiti nazo huweza kuwa zimesogea, na anayechora juu yake bila kuirekebisha kwanza huisogeza kata nzima. Haya ni makosa ya kweli, lakini yanajulikana, yanaonekana, na yana dawa.

Kosa la mahali ambalo hunitia wasiwasi ni lile linalotokana na data za zamani zinazoingizwa bila kubadilishwa. Ramani nyingi rasmi za Tanzania na za majirani zetu zilijengwa juu ya mfumo wa marejeo, yaani msingi wa kuhesabia latitudo na longitudo, uitwao Arc 1960, ilhali GPS na OpenStreetMap hutumia WGS84. Nukta ile ile ikisomwa kwa mfumo usio wake husogea zaidi ya mita 300. Kwa hiyo mtu akipewa faili ya shule na zahanati na ofisi fulani, akaiingiza kwa nia njema bila kuuliza ilipimwa kwa mfumo upi, shule itakwenda kuketi mtaa wa jirani. Kinachosaidia kuligundua kosa hilo ni kwamba vitu vyote husogea upande mmoja na kwa umbali mmoja. Ukiona zahanati na msikiti na soko vyote vimehamia kaskazini kwa kiasi kile kile, jua kwamba mfumo wa marejeo ndio uliokosewa.

Mahali ambapo ubora wa ramani hii unaamuliwa hasa ni mtaro. Nakumbuka mmoja upande wa Mtogole. Katika picha ya setilaiti ulionekana kama mstari mweusi ulionyooka kati ya safu mbili za mabati, na aliyeuchora kwa mbali aliuchora vizuri, bila kuvuka nyumba ya mtu. Tulipoufuata kwa miguu, tukiwa na futi kamba na kijiti kilichotiwa alama za sentimita, tulikuta kwamba sehemu yake ya kwanza ina kuta za matofali na mtu anaweza kusimama ndani. Kisha unaingia chini ya kibaraza cha duka, unatokea upande wa pili ukiwa mfereji wa udongo ambao nusu ya kina chake ni mchanga na mifuko, na kabla ya kuufikia Mto Ng'ombe umezibwa na ukuta wa uwani uliojengwa baadaye. Mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo alitutazama tukipima, halafu akasema, "Wanangu, andikeni na hili: masika maji hayateremki, yanarudi huku kwetu."

Mstari ule uliochorwa kwa mbali ulikuwa sahihi kwa mita, na haukuwa na karibu lolote ambalo mtu anayeshughulikia mafuriko angetaka kulijua. Katika OpenStreetMap mkondo wa maji huchorwa kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo mwelekeo wa mstari wenyewe ndio unaobeba habari ya maji yanakokwenda. Aliye mbali hawezi kuuona mwelekeo huo juu ya paa, hasa katika ardhi iliyo tambarare kama ya mabonde ya Dar es Salaam. Atabahatisha, na mara nyingi mwelekeo utakuwa ule ambao kipanya chake kilipita. Upana, kina, aina ya kuta, kiasi cha uchafu ulioziba, na kwamba mtaro unapita kwenye kalavati pale unapokatiza barabara, vyote hivyo ni lazima vipatikane kwa kuvisogelea. Kalavati lisipoandikwa, programu ya kukokotoa mafuriko itadhani mtaro na lami vimekutana uso kwa uso, na kuunganisha maji na barabara mahali ambapo haviungani. Mtaro ulioachwa na pengo la mita moja kati ya vipande viwili, ambao kwa macho ya binadamu umekamilika, kwa kompyuta ni mitaro miwili isiyojuana, na maji ya mtaro wa kwanza hayafiki kwenye wa pili.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba data ya kujitolea ni nzuri au mbaya kwa ujumla wake. Mstari ule ule wa mtaro unamtosha mtu anayetaka picha ya jumla ya kata, na ni hatari kwa mhandisi anayetaka kuamua ukubwa wa mfereji mpya. Vivyo hivyo kwa njia: uchochoro ulioandikwa kuwa barabara ya makazi hauna madhara kwenye ramani ya ukutani, lakini ukiingia katika programu ya kuelekeza magari utalipeleka gari la wagonjwa mahali ambapo hata bajaji hulazimika kurudi nyuma. Anayechora anapaswa kujua kwamba hajui nani ataitumia kazi yake, na kwa hiyo asiandike zaidi ya alichokiona.

Kuhusu majengo, hali ni tofauti kidogo. Kazi kubwa ya kuchora mapaa ya Dar es Salaam imefanywa na watu walio mbali, wengi wao katika mikutano ya uchoraji inayoandaliwa na Missing Maps, ushirika ulioanzishwa mwaka 2014 na mashirika ya Msalaba Mwekundu ya Marekani na Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka na Humanitarian OpenStreetMap Team. Ninawashukuru kwa dhati, maana bila wao hatungeweza kwa idadi yetu kuumaliza mji ambao sensa ya 2012 iliukuta na watu milioni 4.36 na ya 2022 ikaukuta na milioni 5.38. Lakini mabati yanayogusana huonekana kutoka juu kama paa moja. Nyumba tatu zenye ua mmoja huwa poligoni moja, yaani umbo moja kwenye ramani, au kinyume chake, nyumba moja iliyoongezewa vyumba kwa mabati ya rangi nyingine huwa nyumba nne. Kompyuta zilizofundishwa kuyatambua majengo hukosea kwa namna hiyo hiyo. Microsoft ilitoa majengo ya Tanzania na Uganda mwaka 2019, na Google ikatoa ya sehemu kubwa ya Afrika mwaka 2021, kila jengo likiwa na alama inayoeleza kompyuta ilikuwa na hakika kiasi gani. Naona alama ile ya Google ni jambo la uungwana, na ningependa sisi wachoraji nasi tuwe na namna ya kuandika hakika yetu.

Hata poligoni ikiwa sahihi kabisa, paa si kaya. Katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, kila chumba kinaweza kuwa na familia yake, na mwenye nyumba anaishi kwingine. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, aliyetaka kujua ni watu wangapi wanachota kisima fulani asingepata jibu kwa kuhesabu mapaa. Angehitaji mtu wa mtaani wa kumwambia.

Na mtu wa mtaani ndiye mwenye majina na mipaka. Mpaka wa mtaa hauonekani angani. Upo katika kumbukumbu ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe wa mashina, wanaojua kwamba upande huu wa mwembe ni Pakacha na upande ule ni Muhalitani. Ramani Huria iliwafuata watu hao, ikatembea nao, na ikaiandika mipaka hiyo. Majina ya vituo na vijiwe nayo yanataka mwenyeji: Tandale kwa Mtogole, Mwananyamala kwa Kopa, Magomeni Mapipa, Buguruni Sheli, Mbagala Rangi Tatu. Kondakta wa daladala anayaita yote kwa siku moja, na mgonjwa anayepiga simu kuomba msaada huyataja hayo, wala si jina la barabara. Ramani iliyo na mistari yote ikakosa majina hayo haimwelekezi mtu wa Dar es Salaam popote. Mara kwa mara nakuta jina moja limeandikwa kwa namna tatu na wachoraji watatu, na hapo lazima mmoja wetu aende kituoni akaulize.

Uhakiki wenyewe unafanyika vipi? Kazi za kuchora kwa mbali hugawanywa katika miraba. Mmoja anachora mraba wake na kuutia alama kwamba umekamilika, na mwingine mwenye uzoefu anaupitia na ama kuukubali ama kuurudisha. Kuna programu zinazotafuta makosa ya mantiki, kama nyumba zilizolaliana au barabara isiyoungana na njia panda. Mpango huo ni mzuri, na umezuia makosa mengi. Udhaifu wake ni kwamba idadi ya majengo yaliyochorwa ndiyo inayotangazwa na kupigiwa makofi, wakati mhakiki anayekaa na mraba mmoja, akiyanyoosha majengo yaliyopinda na kuziunganisha barabara zilizoachana, hana namba ya kuonyesha. Wachoraji wanaongezeka haraka kuliko wahakiki, na miraba iliyokamilika bila kupitiwa na mtu wa pili huachwa hivyo kwa muda mrefu. Laiti ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja katika kazi hii, ningelipa uzito zaidi neno zuri analoandikiwa mchoraji mgeni na aliyempitia, maana asiyeambiwa kosa lake siku ya kwanza atalirudia katika mitaa mingi.

Hata hivyo, hatari iliyo kubwa kuliko zote ninazozieleza ni wakati. Ramani ya Tandale iliyokuwa ya kweli mwaka 2015 si ya kweli leo, na hakuna aliyekosea. Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam uliingia katika kata kadhaa, ukaweka lami na mitaro ya zege mahali palipokuwa na mifereji ya udongo tuliyoipima kwa kijiti. Mto Ng'ombe nao ukajengewa kingo. Kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, nyumba nyingi zilivunjwa mwaka 2017 ili barabara ipanuliwe. Katika bonde la Msimbazi zilivunjwa nyingine mwishoni mwa 2015, na kazi ya kulibadilisha bonde hilo kwa mradi ulioidhinishwa mwaka 2022 imeondoa nyingine tena. Nyumba iliyovunjwa haijifuti kwenye ramani. Inabaki pale, ikihesabiwa na kila anayepakua data, na picha za setilaiti za zamani ambazo bado zinatumika kama msingi wa kuchora humfanya mgeni airudishe hata ikishafutwa. Imewahi kunitokea nikafuta safu ya nyumba ambazo nilijua hazipo, nikaikuta imechorwa upya baadaye na mtu mwenye bidii aliyekuwa akitazama picha ya kabla ya bomoabomoa.

Miradi ina mwanzo na mwisho; fedha zikiisha, vifaa hurudishwa na wanafunzi huhitimu. Kinachobaki ni yule aliyefundishwa na akaendelea kwa hiari yake. Kwa hiyo ninapotaka kuujua ubora wa ramani ya mtaa fulani, siku hizi naanza na historia yake: lini kitu hiki kiliguswa mara ya mwisho, na aliyekigusa alikuwa akitembea pale au alikuwa akitazama picha? OpenStreetMap huhifadhi kila badiliko na tarehe yake, na tunaruhusiwa kuandika tarehe ambayo kitu kilihakikiwa uwandani. Mtaro wenye tarehe ya mwezi uliopita na vipimo visivyokamilika ninauamini kuliko mtaro uliokamilika wa miaka kumi iliyopita.

Serikali nayo inayo sehemu yake. Kabla ya sensa ya Agosti 2022 nchi nzima ilipita katika operesheni ya anwani za makazi. Vijana na watendaji wa mitaa wakazunguka wakiandika namba za nyumba na majina ya barabara, na NaPA, mfumo wa kidijitali wa serikali wa anwani za makazi, ukapokea data hizo. Ile ilikuwa kazi kubwa ya uwandani, iliyofika hata mitaa ambayo sisi hatukuifikia. Majina ya barabara yaliyoidhinishwa wakati ule, yakitolewa kwa leseni inayoruhusu kutumiwa kwenye ramani huria, yangetuondolea ubishi mwingi. Na mitaro, vichochoro na visima tulivyovichora sisi vingemfaa afisa mipango miji ambaye mfumo wake unajua namba ya nyumba lakini haujui maji yanapita upande gani wa ukuta.

Msomaji aliyeko Dar es Salaam anayetaka kusaidia hana haja ya kompyuta wala droni. Programu ya StreetComplete kwenye simu ya Android humwonyesha mambo yanayokosekana hapo aliposimama na kumwuliza maswali mafupi: njia hii ni ya lami au ya udongo, duka hili bado lipo, barabara hii inaitwaje. Aanze na mtaa anaoishi, aende na mjumbe wake ikiwezekana, na asijibu swali lolote ambalo hakuliona kwa macho yake. Mitaro ya Kigogo na Hananasif inahitaji watu, na ingefaa ipitiwe kabla ya masika, wakati bado mtu anaweza kushuka ndani na futi kamba.